Lancia Mbili na Tope la Pasaka

Barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya inaanzia kwetu Kigoma, ikishuka kusini sambamba na Ziwa Tanganyika. Mwenye gari aliyeizoea anakuwa na fundi wake kama mtu anavyokuwa na shemeji: hakumchagua sana, lakini hawezi kumkwepa. Ukikaa kwenye gereji za huku, chini ya mwembe, ukaona Probox inaingia inavuta mguu na bodaboda inaingia imebebwa juu ya bodaboda nyingine, unagundua kwamba mafundi hawana habari na sifa zinazopigiwa debe na wauzaji. Mbio, rangi, redio, hayo ni ya mwenye gari. Fundi anazunguka mara moja, anachuchumaa, anachungulia, kisha anauliza swali lake: hii inafungukaje?

Nimelichukua swali hilo nikalipeleka kwa magari mawili ya Kiitaliano yaliyokuja Kenya katikati ya miaka ya sabini kushindana kwenye mbio za Safari: Lancia Fulvia, iliyomaliza ya tatu mwaka 1974, na Lancia Stratos, iliyomaliza ya pili mwaka uliofuata. Dereva alikuwa yuleyule, Sandro Munari. Kiwanda kilekile, nembo ileile, barabara ni zilezile kwa sehemu kubwa. Lakini ukiyafungua hutaamini kwamba yametoka kwa watu wanaofahamiana.

Kwanza tuziweke sawa hizo mbio, maana vijana wengi wanazijua kwa jina tu. Zilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hazikuwa za uwanjani. Barabara zilikuwa hizihizi za kila siku, ng'ombe na mabasi yakiwamo, kwa maelfu ya kilometa, usiku na mchana. Na zilipangwa wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimeshika. Kwa karibu miaka ishirini hakuna dereva wa ng'ambo aliyeshinda. Walishinda wenyeji: Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mwaka 1965 kwa Volvo, Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, Edgar Herrmann mwaka 1970 na 1971 kwa Datsun. Hannu Mikkola wa Finland ndiye aliyevunja mwiko huo, mwaka 1972, kwa Ford Escort. Baada ya hapo viwanda vya Ulaya vikaamini kwamba kumbe inawezekana, na Lancia wakawa miongoni mwa waliobisha hodi kwa nguvu.

Lancia ni kiwanda cha Torino, kilichoanzishwa na Vincenzo Lancia mwaka 1906, na kwa miaka mingi kilijulikana kwa wahandisi wagumu kuridhika. Kazi ambayo kiwanda kingine kingeifanya kwa boliti tatu, wao wangefikiria mwaka mzima ili waifanye kwa mbili, na hizo mbili ziwe nzuri zaidi. Tabia hiyo ni ghali. Mwaka 1969 walikuwa wamezidiwa na madeni na Fiat wakawanunua. Lakini kabla ya hapo walikuwa wameshaunda Fulvia.

Fulvia ya kwanza, ya mwaka 1963, ilikuwa gari la familia la milango minne, pembe tupu, halivutii macho. Miaka miwili baadaye Piero Castagnero akachora ile ya milango miwili, na hapo pakazaliwa kitu kingine kabisa. Paa ni jepesi, nguzo nyembamba, vioo vingi, na mstari wa ubavuni unatoka taa za mbele hadi nyuma bila kukatika. Inasemekana Castagnero alikuwa akizitazama boti za Riva, zile za mbao zilizosuguliwa zikang'aa, zinazokimbia kwenye maziwa ya Italia. Naamini. Aliyewahi kusimama Ujiji akatazama mafundi wakiunganisha mbao za boti anaujua mstari huo. Ubao mmoja ukikosea pale katikati, jicho linakwama.

Ila uzuri wa Fulvia haupo kwenye bodi. Upo chini ya boneti, na hapo naomba tukae.

Injini ya silinda nne kwa kawaida hupangwa kwa mstari mmoja. Ni rahisi kuitengeneza, lakini ni ndefu. Ukitaka iwe fupi unaigawa mara mbili, silinda mbili upande huu na mbili upande ule, ikapata umbo la V. Sasa imekuwa fupi, lakini imetanuka, na kila kitu kimekuwa viwili: silinda hedi mbili, gasketi mbili, na kazi mara mbili kwa fundi. Mhandisi Ettore Zaccone Mina hakutaka urefu wala hakutaka upana. Akaibana V mpaka ikabaki na pembe ya nyuzi kama 13 tu. Ukiitazama kwa mbele, pistoni za huku na za kule zimesimama karibu bega kwa bega, zimepishana kidogo tu ili zisigombane. Na kwa kuwa zimekaribiana hivyo, juu yake akaweka hedi moja, inayozifunika zote nne.

Hapo ndipo kazi inapokuwa tamu. Ndani ya hedi hiyo kuna kamshafti mbili. Moja inafungua valvu zote za kuingizia hewa na mafuta, nyingine inafungua zote za kutolea moshi, bila kujali pistoni iko upande gani wa V. Maana yake ni kwamba njia zinazopita ndani ya chuma cha hedi haziwezi kufanana. Ya silinda hii inasafiri mbali kidogo kuliko ya jirani yake, na inabidi zikunjwe kwa hesabu ili kila silinda ivute pumzi ya kutosha. Jambo hilo halionekani kwa nje. Mnunuzi hatalijua maisha yake yote. Alilijua aliyelichora, aliyemimina chuma, na fundi atakayefungua hedi siku ya siku. Kisha injini nzima ikalazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti iweze kushuka chini. Walipoikuza hadi lita 1.6 pistoni zilipanuka, lakini pembe ikabanwa zaidi, ikafika nyuzi 11 na kitu. Mtu mwingine angesema inatosha.

Injini hiyo fupi ikakaa mbele ya ekseli, giaboksi nyuma yake, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Vyote hivyo, pamoja na springi ya mbele, ambayo ni ya vyuma bapa vilivyolazwa kukatisha gari, vimefungwa kwenye fremu ndogo ya peke yake inayoning'inia chini ya bodi. Kwa hiyo swali la fundi lina jibu: Fulvia haifunguki kwa juu, inafunguka kwa kushushwa. Ukitaka kufanya kazi bila kushusha, kule ndani mkono unapita kwa taabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Fulvia inakuinamisha kweli.

Kwa ajili ya mashindano walitoa aina ya HF, na mwaka 1969 ikaja 1.6 HF yenye nguvu za farasi 115 na uzito wa kilo 850 hivi. Milango, boneti na mlango wa buti vilikuwa vya aluminiamu, bampa zilitupwa. Ubavuni alibandikwa tembo mwekundu, mdogo, anayekimbia. Waitaliano walibeba tembo wao wakaja naye kwenye nchi ya tembo, na sijawahi kusikia kama kuna mtu aliwatania kuhusu hilo. Nadhani lazima yupo. Mwaka 1972 Munari, akiwa na msoma ramani Mario Mannucci, alishinda Monte Carlo kwa gari hilo, na Lancia wakachukua ubingwa wa kimataifa wa viwanda mwaka huohuo. Walishinda kwa gari la familia lililopunguzwa uzito, mchoro wake ukiwa na miaka saba, mbele ya wapinzani wenye injini kubwa kuliko yao.

Sasa njoo Pasaka ya 1974. Mvua zilikuwa zimefungulia mabomba. Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer, Björn Waldegård wa Sweden akawa wa pili kwa Porsche 911, Munari wa tatu na Fulvia yake. Wanaopenda takwimu huishia hapo. Mimi napenda kuyatazama magari matatu hayo kama majibu matatu ya swali moja la tope. Lancer ilikuwa na injini mbele na inasukuma kwa nyuma, kama magari mengi ya wakati ule. Porsche ilikuwa na injini nyuma kabisa, nje ya ekseli, uzito wote umekalia magurudumu yanayosukuma. Fulvia ilikuwa kinyume cha Porsche: uzito wote puani, juu ya magurudumu yanayovuta.

Kwenye tope la tambarare gari linalovutwa kwa mbele lina raha yake. Pua inakwenda inakoelekezwa na mkia unafuata, hata kama unafuata kwa kulalamika. Shida inakuja kwenye mlima. Gari likipanda, uzito unarudi nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, yanazunguka bure. Madereva wa Probox wa huku wanalijua hilo bila kusoma kitabu: mlima ukiwa na utelezi mkali, wanageuza gari wanaupanda kinyumenyume, shingo imegeuka, mkono mmoja juu ya kiti cha abiria. Uzito unarudi unakotakiwa. Abiria mgeni hudhani dereva amechanganyikiwa. Kwenye mbio huna nafasi ya kufanya hivyo kila mlima. Inabidi uufikie mlima ukiwa na mwendo, usiachie mafuta, na uombe lori lisiwe limekwama kwenye kona. Munari kufika wa tatu kwa gari la namna hiyo, mwaka ule wa mvua, kwangu mimi ni kazi kubwa kuliko nyingi anazosifiwa nazo.

Lakini huko Torino walikuwa wameshajua kwamba Fulvia imefika mwisho wa uwezo wake. Mkuu wa timu, Cesare Fiorio, alitaka gari lisilotokana na gari lingine, gari ambalo toka kalamu ya kwanza linachorwa kwa ajili ya barabara mbovu na saa mkononi.

Chanzo chake ni mzaha, au kitu kinachofanana na mzaha. Mwaka 1970, kwenye maonyesho ya Torino, nyumba ya uchoraji ya Bertone ilileta gari lililochorwa na Marcello Gandini, lenye umbo la kabari, urefu wa kwenda juu sentimita 84 tu, yaani linamfika mtu mzima kiunoni au chini yake. Kuingia unapanda kwa mbele, kupitia kioo. Nuccio Bertone mwenyewe aliliendesha hadi ofisi za Lancia, na kisa kinachosimuliwa hadi leo ni kwamba hakusubiri mlinzi ainue kizuizi cha getini. Alipita chini yake. Lancia hawakulitaka gari lile kama lilivyokuwa. Walilitaka wazo lake: fupi, jepesi, injini katikati.

Injini walipewa na ndugu. Ferrari nayo ilikuwa imeingia mkononi mwa Fiat kwa nusu mwaka 1969, na kule kulikuwa na V6 ya Dino, lita 2.4, ambayo Enzo Ferrari hakuwa na haraka ya kuigawa. Mwishowe aliigawa. Ikawekwa nyuma ya viti, imelala kukatisha gari, na Stratos ikapata moyo wa Ferrari ndani ya mwili wa Lancia. Wahandisi Gian Paolo Dallara na Mike Parkes ni miongoni mwa waliolisumbukia gari hilo likiwa bado halijui kusimama. Mara ya kwanza kushindana, Corsica mwaka 1972, halikufika mwisho.

Vipimo vyake vinashangaza hata leo. Kutoka ekseli hadi ekseli ni sentimita 218. Upana ni sentimita 175. Gari ni fupi mno kwa upana wake. Kwa nini? Kwa sababu gari fupi linageuka haraka. Gari refu ukilielekeza linakwenda njia ile kwa ustaarabu. Gari fupi linakatika kwenye kona kabla hujamaliza kufikiria. Faida hiyo ndiyo hasara yake, maana linageuka hata usipotaka, na kwenye barabara yenye matuta ya mawimbi linarukaruka, gurudumu la mbele na la nyuma hayana nafasi ya kupeana zamu. Madereva waliliheshimu, wengine waliliogopa kidogo. Kioo cha mbele kimekunjwa kuzunguka dereva na msoma ramani, wanaona barabara yote, hata kona inayokuja ubavuni. Na ndani ya milango, ambayo haina vioo vya kuzungusha kwa mkono kama magari mengine, kumeachwa mfuko mkubwa wa kuwekea kofia ya chuma. Kitu kidogo, lakini kinakwambia kwamba mchoraji aliwahi kukaa ndani ya gari la mashindano akajiuliza, sasa hii kofia naiweka wapi?

Nilipompelekea fundi mmoja wa hapa video ya Stratos kwenye simu, hakusema chochote kuhusu umbo. Aliitazama kama anavyotazama Haisi iliyochelewa kulipiwa. Kisha pakafika mahali ambapo gari linafunguliwa. Pua nzima, taa na mabawa yake, inainukia mbele kwa kipande kimoja. Mkia mzima, kuanzia nyuma ya milango, unainukia nyuma. Linabaki limeachama pande zote mbili, na katikati kimebaki chumba kidogo cha chuma chenye viti viwili. Injini ipo wazi, giaboksi ipo wazi, shokapu zipo wazi hadi boliti ya mwisho. Vipande vile ni vya faibaglasi, watu wawili wanavichomoa kabisa wanavilaza kwenye majani.

"Rudisha nyuma hapo," akasema. Nikarudisha. Akatazama tena. "Mwalimu, hii kaichora fundi. Huyu kashawahi kuunguzwa na eksozi."

Sikuwa nimelifikiria hivyo, na sasa siwezi kulifikiria vingine. Watu huiona Stratos wakasema ni gari la anasa, mchongo wa maonyesho, kitu cha kubandika ukutani. Mimi nakubaliana na fundi wangu. Lile umbo la kabari linalosifiwa ni mfuniko tu. Kazi yenyewe ni kwamba unaweza kuuondoa. Timu ya mafundi inasubiri kando ya barabara, usiku, gari linaingia limevunjika shokapu, na kila dakika inahesabiwa. Fundi haingii chini ya gari, halazi mkono wake mahali asipopaona. Anasimama, anafungua, anatoa, anaweka. Fulvia ilimaliza akili yake yote kwenye hedi na mtumiaji akabaki na mlango mwembamba. Stratos ilianza na mlango.

Kigoma tunayo sababu ya kulielewa hili kuliko wengi, kwa ajili ya Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa tena hapa kwa ribiti na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe, lakini mafundi walioiunganisha waliipaka injini grisi kwanza, kwa unene, sehemu kwa sehemu. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 injini iliweza kutumika tena, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya. Wale mafundi walipaka grisi mashine wanayoizamisha. Ni jambo ambalo halina maelezo mengine zaidi ya ufundi: walijua ilivyofungwa, na walijua kwamba kuna mtu, siku moja, ataifungua.

Turudi Kenya. Kanuni za kimataifa zilidai gari liundwe kwa mamia kabla ya kuruhusiwa kwenye kundi lake, na Stratos ilipata kibali hicho Oktoba 1974. Miezi miwili mitatu ilitosha: Lancia wakawa mabingwa wa dunia mwaka huohuo, na tena 1975 na 1976. Kwa hiyo walipofika Safari Pasaka ya 1975 walikuja kama wafalme. Magari yaliinuliwa, yakafungwa vyuma vya kinga mbele kwa ajili ya wanyama na mawe. Munari alikaa na msoma ramani mwenyeji, Lofty Drews, ambaye alijua mahali mto unapovimba na mahali unapojifanya umevimba. Björn Waldegård aliendesha nyingine.

Mshindi alikuwa Ove Andersson, kwa Peugeot 504.

Msomaji wa umri fulani anacheka hapo, na ana haki. Peugeot 504 ndilo gari lililokuwa likipeleka watu msibani. Teksi za masafa marefu zilikuwa 504, pikapu za samaki zilikuwa 504, na kama babu alikuwa na gari basi lilikuwa hilo au lingine linalolionea wivu. Halikuwa na moyo wa Ferrari. Lilikuwa na springi ndefu laini, tumbo lililo juu, na subira. Stratos mbili zikamaliza ya pili na ya tatu, Munari mbele ya Waldegård.

Wengi huandika kwamba Afrika iliishinda Stratos. Silipendi neno hilo. Kwenye Safari za miaka ile magari mengi yalibaki njiani, kwenye mito, kwenye mashimo, kwenye mashamba ya watu. Stratos mbili, fupi na pana, zilizochorwa kutokana na gari linalopita chini ya kizuizi cha geti, zilikwenda umbali wote huo zikarudi zote mbili, ya pili na ya tatu. Ukitaka kuona ufundi usitazame tu nani alifika kwanza. Tazama nani alifika na nini. Kweli, gari fupi lilikuwa jibu la swali la Monte Carlo na Corsica, kona juu ya kona, na Kenya ina barabara zilizonyooka hadi macho yanachoka. Kwenye mnyooko, ufupi ni mzigo. Lakini hilo ni kosa la swali, si la kazi ya mikono.

Kati ya hizi mbili, ukiniuliza ipi ilitengenezwa vizuri zaidi, nitasema Fulvia bila kusita. Ile hedi moja juu ya pistoni nne zilizobanana sijaona mfano wake. Ukiniuliza ipi ilifikiriwa vizuri zaidi, ni Stratos. Fulvia ni kazi ya mtu aliyejifungia chumbani na rula yake akakataa kutoka mpaka milimita ya mwisho ikubali. Stratos ni kazi ya watu waliokuwa wamechoka kungoja mafundi wao wamalize. Na kama ningepewa moja niiendeshe kutoka hapa hadi Kalya, ningechukua Fulvia, maana kwenye njia ile urefu kati ya ekseli ni rafiki, na fremu yake ndogo ningeishusha mwembeni nikiwa na watu wanne na mnyororo. Ila ningeomba mvua isinyeshe kwenye milima.

Stratos ilirudi tena. Mwaka 1976 Lancer zilichukua nafasi tatu za kwanza, Joginder Singh akiongoza kwa ushindi wake wa tatu. Mwaka 1977 Munari akamaliza wa tatu, nyuma ya Escort ya Waldegård na Datsun ya Rauno Aaltonen. Kisha Fiat wakaelekeza fedha kwenye gari lao wenyewe, 131, kwa sababu hilo walikuwa na haja ya kuliuza na Stratos haikuwa na cha kuuza zaidi ya sifa. Munari, aliyeshinda Monte Carlo mara tatu mfululizo kwa Stratos, hakuwahi kushinda Safari.

Lancia waliishinda mwaka 1988, na tena 1989, Miki Biasion akiendesha Delta Integrale. Injini ilikuwa imerudi mbele, imebanwa kwenye pua pamoja na turbo yake, mabomba juu ya mabomba, na magurudumu yote manne yakivuta na kusukuma kwa pamoja. Umbo lake ni sanduku la milango mitano, gari la kupeleka watoto shule. Nilimwonyesha fundi na hilo. Alichungulia boneti likiwa limefunguliwa, akaangalia mahali mkono ungepita, akanirudishia simu.

"Hii itabidi tushushe," akasema, akarudi kwenye Probox.